Motokaa Izimikayo Ikiongezwa Mwendo: Somo kwa Wenye Magari na Madereva wa Galu

Motokaa isiyowaka kabisa ni taabu kwa mwenyewe, lakini si hatari. Hukaa nyumbani ikamngoja fundi. Yenye hatari ni ile iwakayo vyema asubuhi, ikanguruma vizuri chini ya mwembe, kisha ikazimika pale dereva akanyagapo mafuta ili kuongeza mwendo. Gari la namna hiyo humtupa mwenyewe mahali pabaya kuliko pote, kwa kuwa dereva hakanyagi mafuta kwa nguvu ila anapohitaji nguvu.

Watu wa Galu wanapajua mahali penyewe. Kwanza ni njia panda ya Ukunda, ambapo gari litokalo Diani hupaswa kuingia katika barabara kuu iendayo Likoni na Lunga Lunga, huku malori na mabasi yakipita pande zote mbili. Pili ni kule Likoni, gari linapopanda mwinuko kutoka katika feri, na umati wa watu wanatembea kwa miguu mbele yake na nyuma yake. Tatu ni mlima wa kutoka Kombani kwenda Kwale. Tena iko barabara ya kwenda Msambweni, dereva anapotaka kulipita lori: amekwisha kutoka katika upande wake, gari jingine linakuja mbele, naye akikanyaga mafuta injini inakata. Na huenda ndani ya gari hilo yumo mama mwenye uchungu wa kuzaa, anayekimbizwa hospitali ya Msambweni usiku. Basi ugonjwa huu haufai kuahirishwa hata mwisho wa mwezi.

Hasara ya pili ni ya mfuko. Mara nyingi mwenye gari huambiwa anunue pampu. Akinunua, gari linazimika vile vile. Huambiwa anunue koili. Hali ni ile ile. Fedha zimekwisha, na kasoro yenyewe huenda ni mpira wa hewa uliopasuka, au waya ulioliwa na kutu. Dawa ya mambo hayo ni kupima kabla ya kununua, na somo hili laeleza jinsi ya kupima.

INJINI HUTAKA NINI

Injini ya petroli huishi kwa vitu vitatu: hewa, petroli na cheche ya moto. Vitu hivyo sharti vije kwa kiasi chake na kwa wakati wake. Kilo 1 ya petroli huhitaji kilo 14.7 za hewa ili iungue sawasawa. Hewa ikizidi mno, mchanganyiko huwa mwembamba na injini hukosa nguvu. Petroli ikizidi mno, injini hupaliwa, ikatoa moshi mweusi.

Dereva akanyagapo mafuta hudhani kwamba anafungua petroli. Sivyo. Kwa hakika anafungua kilango cha hewa. Hewa ni nyepesi, nayo hukimbilia ndani mara moja. Petroli ni nzito, nayo huchelewa. Kwa muda wa kufumba na kufumbua mchanganyiko huwa mwembamba, na kama petroli haikuongezwa upesi, injini hukohoa au huzimika. Katika gari la zamani lenye kabureta, kazi hiyo ya kuongeza hufanywa na kipampu kidogo kirushacho petroli katika koo la kabureta. Katika magari ya siku hizi, sensa hupima hewa iingiayo, na kompyuta ya gari huziamuru nozeli zirushe petroli zaidi.

Wakati uo huo mgandamizo ndani ya silinda huongezeka, na cheche huhitaji umeme wenye nguvu zaidi ili iruke katika plagi. Kwa hiyo kuongeza mwendo ni mtihani wa hewa, petroli na cheche kwa mara moja. Kasoro ndogo ambayo haionekani gari likiwa limesimama, hapo hujitokeza.

GARI HUZIMIKAJE?

Kabla ya kushika spana, mwenye gari na akumbuke vizuri jinsi gari lilivyozimika, kwa maana dalili ya mvua ni mawingu. Fundi mwema huuliza maswali haya kwanza, na mwenye gari aliye mwangalifu huja na majibu yake.

Je, injini ilikata ghafula, kana kwamba mtu amezungusha ufunguo? Hiyo aghalabu ni dalili ya umeme: waya uliolegea, koili, au sensa ya kranki.

Je, ilisitasita, ikakohoa, ikapungukiwa nguvu kidogo kidogo, ndipo ikafa? Hiyo ni dalili ya njaa ya petroli.

Je, ilitoa moshi mweusi na harufu kali ya petroli? Petroli imezidi, au hewa imezibwa.

Je, huzimika ikikanyagwa kwa ghafula tu, lakini ikikanyagwa polepole huenda vizuri? Tazama mpira wa hewa, sensa ya kupimia hewa na sensa ya kilango. Na katika gari la kabureta, kile kipampu kidogo.

Je, huenda vizuri mjini, lakini hufa mlimani au katika mwendo wa kasi? Tazama chujio la petroli na pampu yake.

Je, hufa baada ya safari ndefu, kisha huwaka tena ikipumzishwa? Huenda tundu la hewa la tangi limeziba, au pampu, koili au sensa inashindwa ikipata moto.

Yafaa pia kuhakikisha kwamba kosa si la dereva. Mwanafunzi aachiaye klachi kwa haraka huzima injini iliyo nzima kabisa. Lakini ikiwa gari huzimika mikononi mwa kila mtu, au huzimika gia ikiwa huru, klachi haina lawama.

KWANZA: HEWA

Kazi ianze kwa hewa, kwa kuwa kuitazama hakuna gharama. Chujio la hewa lifunguliwe na kuelekezwa juani. Njia za ndani za Galu na Kinondo zina vumbi jingi jeupe la udongo wa matumbawe, na gari lipitalo humo kila siku huziba chujio lake mapema kuliko gari la barabara ya lami. Ikiwa mwanga haupenyi, chujio limekwisha.

Halafu utazamwe mpira mpana unaotoka katika sanduku la chujio kwenda kwenye kilango cha hewa. Mpira huu hukauka kwa joto na miaka, ukapasuka katika mikunjo yake. Injini ikinguruma polepole, ufa hujifunga wenyewe. Dereva akikanyaga mafuta, injini huinama kwa nguvu zake, mpira huvutika, ufa hufunguka, na hewa isiyopimwa na sensa huingia. Kompyuta haina habari ya hewa hiyo, haiongezi petroli, na gari huzimika. Kasoro hii haionekani kwa kutazama kwa juu juu. Sharti mikunjo ikunjuliwe kwa vidole, injini ikiwa imezimwa.

Vipira vidogo vya hewa navyo visisahauliwe. Injini ikiwa inanguruma, sikiliza kama kuna mlio wa kufyonza. Maji ya sabuni yakinyunyizwa kidogo mahali panaposhukiwa, mbali na waya na plagi, na sauti ya injini ikabadilika, hapo ndipo panapovuja.

Sensa ya kupimia hewa ina waya mwembamba sana unaotiwa moto kwa umeme. Vumbi likiushika, hupima kasoro. Husafishwa kwa dawa yake maalumu ya kupuliza, wala usiguswe kwa kidole, kitambaa au brashi. Kilango cha hewa nacho hushika masizi meusi. Kikisafishwa, mara nyingi gari lililokuwa likizimika njia panda hupata nafuu.

Mwisho wa njia ya hewa ni bomba la moshi. Injini isiyoweza kutoa pumzi haiwezi kuvuta pumzi. Ikiwa kisanduku cha kusafishia moshi kimeyeyuka ndani na kuziba, gari huwa zito na hukataa kuongeza mwendo. Katika jambo hili fundi mwenye kipimo cha mgandamizo ndiye wa kuulizwa.

PILI: PETROLI

Petroli mbaya huharibu injini nzuri. Njia rahisi ya kuipima ni kutwaa kiasi kidogo katika chupa ya kioo iliyo safi na kuiacha itulie. Maji ni mazito kuliko petroli, nayo hukaa chini yakaonekana kama tabaka la pili. Uchafu nao hushuka chini.

Maji huingiaje? Pwani hewa ina unyevu mwingi. Gari liachwalo miezi mingi na tangi nusu tupu, kama yalivyo magari mengi ya nyumba za wageni za Galu na Diani msimu unapokwisha, hupata umande ndani ya tangi. Tangi likiwa la chuma, umande huzaa kutu, na kutu huenda katika chujio. Kwa hiyo gari la kuachwa kwa muda mrefu na liachwe na tangi lililojaa.

Tena iko petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa. Serikali ya Kenya iliupiga vita ushaurishaji wa mafuta ya magari kwa mafuta ya taa mwaka 2018, kwa kuweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili bei yake isiwe kishawishi kwa wachanganyaji. Ikiwa gari lilianza kuzimika mara tu baada ya kutiwa mafuta mahali fulani, au petroli ilinunuliwa katika chupa kando ya njia, jambo hilo lisidharauliwe.

Baada ya petroli yenyewe, yafuata njia yake. Chujio lililoziba hupitisha petroli ya kutosha gari likiwa pole, lakini injini ikiomba nyingi haipati. Pampu dhaifu hufanya vivyo hivyo. Ufunguo unapozungushwa bila kuiwasha injini, katika magari mengi husikika mlio mfupi wa pampu kutoka nyuma. Lakini mlio hauthibitishi kwamba pampu ina nguvu. Kinachothibitisha ni kipimo cha msukumo, nacho sharti kisomwe injini ikikanyagwa mafuta, wala si ikinguruma pole tu. Kila gari lina kiasi chake kilichoandikwa na waundaji. Ikiwa mshale unaanguka dereva anapokanyaga, petroli haifiki. Hapo libadilishwe chujio kwanza, kwa kuwa ni rahisi kuliko pampu, kisha kipimo kisomwe tena.

Kuhusu tundu la hewa la tangi, kipimo ni chepesi. Gari likizimika baada ya safari, kifuniko cha tangi kifunguliwe. Kikitoa mlio mkubwa wa kuvuta pumzi, na gari likawaka na kwenda vizuri, huenda tangi lilikuwa limekabwa.

TATU: CHECHE

Plagi ni shahidi asiyesema uongo. Zitolewe moja moja, kila moja iwekwe kwa mpango wa silinda yake. Rangi ya kahawia ni ya afya. Masizi meusi makavu yaonyesha petroli nyingi au cheche dhaifu. Weupe mwingi waonyesha mchanganyiko mwembamba, na hapo fundi arudi katika hewa na petroli. Ikiwa plagi moja tu ni tofauti na zenzake, kasoro iko katika silinda hiyo, pengine koili yake au nozeli yake.

Kaure ya plagi iliyopasuka, au koili iliyochoka, huweza kutoa cheche ya kutosha injini ikiwa pole, lakini mgandamizo ukizidi umeme hutafuta njia nyingine. Usiku, boneti likiwa wazi na taa zote zimezimwa, mara nyingine cheche huonekana zikiruka nje ya waya au koili. Wakati wa masika, unyevu ukiwa mwingi, jambo hili huzidi.

Hapa pwani adui mkubwa wa umeme ni chumvi. Upepo wa bahari huibeba hata ndani ya boneti. Vichwa vya betri huota unga mweupe, waya za shaba huota kutu ya kijani, na waya mnene uunganishao injini na bodi huoza chini ya mpira wake bila kuonekana. Injini ikiinama kwa kukanyagwa mafuta, waya huo huvutika, umeme hukatika, na injini hufa ghafula. Kuusafisha na kuukaza ni kazi ya spana na brashi ya waya tu.

Gari la zamani lenye distribyuta lina ugonjwa wake. Ndani yake kimo kisahani kinachozunguka kidogo kila mafuta yakanyagwapo, na waya mwembamba hukifuata. Baada ya miaka mingi waya huo hukatika ndani ya ngozi yake. Kisahani kikitulia, ncha hugusana, kikizunguka, huachana. Gari hunguruma vizuri mbele ya fundi na kuzimika kila likiongezwa mwendo, hata watu wakanena kwamba limerogwa.

MASHINE YA KUSOMEA MAKOSA

Magari mengi ya siku hizi yana kompyuta, na fundi mwenye mashine huweza kusoma makosa iliyoyaandika. Ni msaada mkubwa, lakini sharti ufahamike. Kosa P0171 lasema kwamba mchanganyiko ni mwembamba upande wa kwanza wa injini. Halisemi ni kwa nini. Sababu yaweza kuwa mpira uliopasuka, chujio lililoziba, pampu dhaifu au sensa chafu. P0300 lasema kwamba silinda mbalimbali zinakosa kuwaka. Halisemi kwamba plagi zimekwisha. P0335 lahusu mzunguko wa umeme wa sensa ya kranki. Huenda sensa ni nzima na waya wake ndio mbovu. Mashine huonyesha mlango wa kubisha, lakini haimtaji aliyemo ndani. Anayenunua vyombo kwa kusoma namba tu amebahatisha, ingawa amebahatisha kwa mashine.

MFANO WA KAZI

Tuseme teksi ya Galu yazimika kila dereva anapoingia barabara kuu pale Ukunda. Ikikanyagwa polepole haifi. Taa ya injini yawaka, na mashine yatoa P0171. Fundi wa haraka angesema, "Pampu." Fundi wa utaratibu hufikiri hivi: inakohoa kabla ya kufa, basi si umeme uliokatika, inapanda mlima wa Kwale bila shida, na mlima hutaka petroli nyingi kwa muda mrefu, basi pampu na chujio havielekei kuwa na kosa, inakufa kwa kukanyagwa ghafula tu, wakati injini inapotikisika. Anaukunjua mpira wa hewa na kuuona ufa chini yake. Anaufunga kwa muda kwa utepe, anajaribu gari, nalo haliizimi tena injini. Ndipo anapomwambia mwenye teksi anunue mpira mpya. Kitu kimoja kimebadilishwa, na kabla ya kununuliwa kilikwisha thibitishwa.

Hiyo ndiyo kanuni: kutengeneza jambo moja kwa wakati mmoja, na kulijaribu gari kabla ya kuendelea. Abadilishaye vitu vitano kwa siku moja, hata gari likipona, hajui kilicholiponya.

TAHADHARI

Petroli huwaka kwa mvuke wake, wala si lazima moto uiguse. Pasiwe na sigara, taa ya moto wala jiko karibu. Petroli isimiminwe kwa mkono katika koo la injini. Katika magari ya nozeli, mabomba ya petroli huwa na msukumo hata injini ikiwa imezimwa. Yasifunguliwe na asiyejua kuuondoa msukumo huo. Umeme wa koili ni wa maelfu mengi ya volti; waya wake usishikwe injini ikiwaka. Wala injini isingurumishwe ndani ya banda lililofungwa, kwa kuwa moshi wake una sumu isiyo na rangi wala harufu.

Gari likizimika njiani, dereva asitaharuki. Usukani utakuwa mzito, na breki zitahitaji mguu wenye nguvu, lakini vyote viwili bado vinafanya kazi. Asichomoe ufunguo, maana usukani waweza kujifunga. Asipigepige breki, bali aikanyage mara moja kwa uthabiti. Awashe taa za hatari, alielekeze gari kando upande wa kushoto wakati lingali na mwendo, awashushe abiria upande usio na magari, na aweke pembetatu mbele na nyuma, mbali na gari.

Na mpaka kasoro ipatikane, gari hilo lisipewe kazi ya kuyapita malori wala ya kubeba wagonjwa usiku. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na katika barabara ya Lunga Lunga, huenda asibaki wa kuujenga.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Dereva akanyagapo mafuta, hufungua nini kwanza?
2. Kwa nini mpira uliopasuka huzima gari likiongezwa mwendo, na si likinguruma pole?
3. Petroli yenye maji hutambuliwaje kwa chupa ya kioo?
4. Kwa nini kipimo cha msukumo wa petroli kisomwe injini ikikanyagwa mafuta?
5. Kosa P0171 lasema nini, na haliwezi kusema nini?
6. Kwa nini ufunguo usichomolewe gari likizimika katika mwendo?